Sikio Moja Katikati ya Vugo

Jumatatu, 4 Februari 1985

Sikio langu la kushoto limekufa. Haya, nimeandika. Sijapata kumwambia mtu, wala mama, wala Nana, wala Kadzo ninayekaa naye dawati moja.

Lilikufa nikiwa na miaka saba, nilipougua matubwitubwi. Mashavu yalipoanza kupungua nikalala ubavu wa kulia, nikaona dunia imezimwa. Kuku hakuna. Adhana hakuna. Nikageuka, vyote vikarudi. Nikadhani watu wote wako hivyo: sikio moja la kusikilizia, moja la kulalia.

Chumba kikiwa kimya nasikia kama mtu yeyote. Ndiyo sababu hakuna aliyegundua. Na nina hila zangu. Nikitembea na mtu, hukaa kushotoni kwake. Madrasani, ukutani. Shuleni, ukutani, ili darasa lote liwe mkono wangu wa kulia.

Leo mwalimu wa Kiingereza ametubadilisha viti. Mimi na Kadzo tumepelekwa dirishani, upande wa pili. Nje ya dirisha kuna mashine ya kusaga unga. Sasa sikio zima linasikiliza mahindi na lililokufa linamsikiliza mwalimu. Akatusomea imla. Nikapata sentensi ya kwanza. Baada ya hapo ni unga mtupu.

Jumatano, 6 Februari

Imla imerudishwa. Yangu imejaa wino mwekundu.

Kisha mwalimu akaniita jina. Nililisikia, ila sikujua limetoka wapi. Mimi sauti hazina upande. Nikageukia dirishani, yeye yuko ubaoni. Darasa likaangua kicheko. Mmoja wa nyuma akasema, "Muacheni Bi Maringo, anaongea na mashine." Mwalimu amesema nikiendelea na kiburi hiki atamwita baba.

Natamani kingekuwa kiburi.

Lakini kuna jambo. Baada ya mapumziko tulikuwa na Kiswahili. Kiti kilekile. Mashine ileile, inanguruma vilevile. Nikasikia yote. Mpaka methali, mpaka ukali wa mwalimu alipochoka nasi. Kwa nini? Sikio ni hilohilo moja.

Nikamuuliza Kadzo kwa kuzungukazunguka, kama anasikia imla vizuri. Kwao ni Jilore, ana masikio mawili mazima. Akasema Kiingereza kikisomwa na mashine ikiwashwa yeye hubahatisha tu. "Lakini mamangu akiniita kwa Kigiriama, hata kama ngoma yapigwa, namsikia." Akasema hivyo akimenya chungwa, kama jambo dogo.

Nimelifikiria njia nzima mpaka nyumbani. Nadhani ni hivi. Neno la Kiswahili likija nusu, nusu ya pili huitoa ndani mwangu bila kujua. Kiingereza changu hakina nusu ya ndani. Kinataka kije kizima, nacho hakiji kizima.

Nimeogopa kidogo. Kumbe sisikii kwa sikio tu.

Ijumaa, 8 Februari

Msiba.

Nana ameniita baada ya sala ya Ijumaa. Nana ni mamake mama. Aliletwa Malindi kutoka visiwani akiwa bibi arusi, na mpaka leo vugo, ngoma ya harusi ya wanawake, halipigwi mtaani kwetu bila yeye. Zuhura, binti wa mama mkubwa, anaolewa na kijana wa Mambrui. Jumamosi ya tarehe ishirini na tatu wanawake wa huko watakuja na vugo lao mpaka mlangoni petu. Pembe za nyati na vijiti, safu kwa safu, kelele mpaka makuti yapukutike. Manju wao atatuimbia ubeti. Na kwetu sheria ni moja: ubeti wa mgeni sharti uurudishe kama ulivyo, ndipo uujibu. Ukijibu bila kuurudisha, umepayuka.

Walio nyuma hawasikii kitu kwa pembe. Kwa hiyo husimama mtu mmoja mbele, akaudaka ubeti, akawapa wenzake. Ndiye mpokezi. Nana ndiye mpokezi tangu mama hajazaliwa.

Mwaka huu magoti hayamchukui. Amesema mpokezi ni mimi.

Mama mkubwa akashika kiuno. "Huyu? Huyu ukimwita yuko chumba cha pili haitiki!"

"Haitiki," Nana akasema, "lakini nyimbo zangu zote anazo. Nyinyi mnaoitika mbio, nani anaujua hata mmoja mpaka mwisho?"

Wakacheka. Nami nikacheka.

Nikikosea, aibu si yangu pekee. Ni ya Zuhura. Harusi husimuliwa miaka na miaka. Watasema, ni ile ambayo wenyeji walishindwa kurudisha ubeti. Nilikuwa na nafasi ya kusema pale pale. Mama alikuwa karibu, anapepeta mchele. Nikautazama mchele.

Jumapili, 10 Februari

Leo limetokea jambo ambalo sijui hata nianzie wapi.

Tulifanya mazoezi uani. Mama mkubwa na jirani wanapiga pembe, Zuhura anajifanya manju, mimi napokea. Akaimba ule wa zamani wa Nana:

Tukaribishe wageni,
waingie ukumbini,
tandikeni asumini,
bibi arusi yu ndani.

Nikaudaka wote. Nikaurudisha wote, mistari minne. Nikaona hili nitaliweza, alhamdulillahi. Zuhura akanitazama kama aliyeona jini. Akacheka mpaka akakaa chini.

Alikuwa ameimba mistari miwili tu. Ile miwili ya mwisho alifungua mdomo akaufunga, bila sauti. Alitaka kunitega.

Mimi nilisikia minne. Sisemi nilikisia. Nilisikia. Kwa sauti ya Zuhura, na mkwaruzo wake kwenye "asumini". Ningeweza kuapa msahafuni.

Tangu alasiri nakaa na jambo hili kama mtu aliyeonyeshwa mlango nyuma ya kabati lake mwenyewe. Kuna mtu ndani yangu anayeimba. Anaimba vizuri hata mimi mwenye nyumba simtofautishi na mgeni. Mara ngapi amenisemea maneno ya watu? Mama akisema "njoo ule", je, ni mama au ni huyu?

Subhanallah. Sijui nifurahi au nilie.

Alhamisi, 14 Februari

Zuhura ametunga beti mpya za kunipima. Hazina historia popote. Pembe zikipigwa sipati kitu. Naona mdomo unakwenda tu. Nikipata neno, ninapolishikilia linalofuata limeshapita.

Na kuchoka! Kutwanga hakunichoshi hivi. Nikitoka mazoezini kichwa kinagonga, shingo imekaza, sitaki kuongea na mtu. Jana nililala na sare ya shule. Mama akanigusa paji la uso, akaenda dukani akarudi na dawa ya malaria. Nimeinywa. Chungu kama shubiri. Nimekunywa uchungu wa ugonjwa nisio nao ili nisitaje nilio nao.

Kwa nini simwambii mama? Naandika basi. Wakati ule wa matubwitubwi, yeye alikuwa hospitali anajifungua mdogo wangu, na alikaa huko, hali yake mbaya. Alirudi akakuta nimepona. Akanishika mashavu akamshukuru Mungu kwamba ugonjwa haukuacha alama. Hulisimulia mpaka leo, mbele ya wageni. "Huyu hata alama!" Nitamwambiaje kwamba alama ipo?

Jumamosi, 16 Februari

Mambrui. Mimi na Nana, kwa basi la asubuhi, na sinia la halua mapajani mwake.

Nilidhani tunapeleka halua. Tulipovuka daraja la Sabaki Nana akanambia tunakokwenda hasa: kwa Bi Rukia, manju wao. "Sauti ya mtu huwezi kuijulia kwenye pembe," akasema. "Kaijue kwanza ikizungumzia mbuzi."

Na kweli ilizungumzia mbuzi. Bi Rukia ana mbuzi aliyekula leso yake mpya, pande zote mbili, akaacha maandishi. Alituhadithia kisa hicho kirefu huku akikuna nazi. Mama mnene, mwanya mpana, sauti ya chini yenye ukungu. Nilijiweka kushotoni kwake kama kawaida yangu. Chumba kimya. Pembeni jiko la mkaa tu.

Nana hakuniambia nifanye nini. Nikasikiliza tu. Kabla ya neno la mwisho Bi Rukia huvuta pumzi. Akitaka kukuchoma kwa maneno, hunyanyua kidevu. Akiwa na upole, sauti hushuka na mkono huenda kifuani wenyewe.

"Mbona mjukuu wako hasemi?" akauliza. "Mmemkata ulimi?"

"Ulimi kauacha Malindi. Kaja na masikio."

Bi Rukia akacheka mpaka mbuzi akaja kuchungulia. "Mzee we! Umemleta mpokezi wako anionje sauti. Nilijua si bure, halua yote hii!"

Kumbe ni desturi yao. Kila harusi mpokezi humtembelea manju, manju hujifanya hajui, halua huliwa. Bi Rukia anasema Nana alimfanyia hivyo hivyo mama yake, manju wa kabla yake.

Kwenye kurudi niligundua lingine. Basini Nana alizungumza na mama mmoja njia nzima, anatikisa kichwa, "ehe, ehe". Tuliposhuka nikamuuliza mama yule kasema nini. Nana akasema, "Nani alisikia kitu kwenye basi lile? Lakini mtu mwenye uso ule alikuwa anamlalamikia mkwewe."

Jumanne, 19 Februari

Nimeijaribu hila ya Nana shuleni. Nilikiazima kitabu cha imla kwa Kadzo tangu Jumapili, nikasoma kifungu cha wiki hii kwa sauti, chooni, jikoni, mpaka mdogo wangu akaniambia Mzungu ameingia nyumbani. Leo mwalimu akasoma. Mashine ikasaga. Na Kiingereza kikaja! Neno baada ya neno likipenya kwenye unga. Sikulikumbuka, nililisikia. Sauti ya mwalimu ilikuwa na umbo, ilikuwa na pumzi.

Nimejijengea nusu ya ndani kwa mikono yangu. Sijawahi kuona jambo kubwa kama hili likitokea mahali kimya hivi. Hakuna aliyejua. Kadzo alikuwa anakopia kwangu.

Ila Bi Rukia hatanipa kitabu nikasome kabla.

Ijumaa, 22 Februari

Nyumba imejaa. Mchele unachambuliwa, asumini zinatungwa, Zuhura amefungiwa ndani na hina mpaka kiwiko. Mama mkubwa ameandaa ubeti wake wa majibu na haufichi: mkali kama pilipili mbichi. Anasema watu wa Mambrui tangu zamani huanza kwa matusi ya kuchekesha na yeye hatapitwa.

Nilikwenda kwa Nana nikaazimia kusema. Nikakaa. Akanipa tambuu nishike anapotafuta chokaa. Nikashika. Akala. Nikaondoka.

Mwoga mimi.

Jumamosi, 23 Februari. Baada ya magharibi.

Miguu ina vumbi, sijaoga, naandika kwanza.

Walikuja alasiri. Tulizisikia pembe tangu kwenye kona ya msikiti. Barabara yote nyeusi kwa mabuibui. Mimi mbele mlangoni peke yangu, safu za kwetu nyuma yangu, mama safu ya pili. Nana uani kwenye kiti, haoni kitu, anasubiri.

Beti za mwanzo zilikuwa za zamani. Rahisi. Yule wa ndani yangu aliziimba nami nikazipeleka nyuma.

Kisha Bi Rukia akajitokeza na pembe zikaongezwa. Nilijua ubeti huo ni mpya. Mwanzo sikupata kitu. Kelele kama ukuta. Halafu ikaja. Sijui niandikeje. Umati wa mabuibui ukipita, yote sawa, ghafla humo unamjua mamako kwa mwendo tu. Ndivyo sauti ilivyotoka. Ile ya mbuzi. Yenye ukungu. Kila kitu kingine kilikuwepo bado, pembe, vijiti, watoto, lakini yeye akawa anatembea katikati yake wazi kabisa:

Mwaificha lulu yenu,
mwafungia mlango wenu,
tumekuja huku kwenu,

Na hapo wasichana wa kwetu juu ya paa wakapiga vigelegele, na pembe ya kuliani ikapigwa kando ya sikio langu. Mstari wa nne ukazama.

Lakini niliusikia. Kwa sauti ya Bi Rukia. *Kuna ila ndani mwenu.*

Ndivyo beti za namna hiyo zinavyomalizika, zote ninazozijua. Lulu iliyofichwa ina ila, yaani bibi arusi ana kasoro. Nikafungua mdomo niupeleke nyuma. Mama mkubwa yuko pale, pilipili yake ulimini.

Nikakumbuka kidevu. Bi Rukia hakunyanyua kidevu. Mkono wake ulikuwa kifuani.

Nikamkumbuka Zuhura akifungua mdomo bila sauti.

Sikujua. Wallahi sikujua ni yeye aliyeimba au ni yule wangu. Watu wote wananitazama. Kukisia kulikuwa rahisi, hakuna ambaye angejua mara moja. Nikanyanyua mkono. Pembe zikafa moja moja, za nyuma mwisho. Sijawahi kusikia mtaa wetu ukiwa kimya vile mchana.

Nikasema. Si kwa sauti kubwa, lakini palikuwa kimya. "Bi Rukia, niwie radhi. Mstari wa mwisho sikuupata. Sikio langu la kushoto halisikii. Tangu utotoni. Njoo upande huu."

Mtu wa Mambrui akapaza sauti, "Hee! Wametuwekea mpokezi kiziwi!" Kicheko kikaanza.

Bi Rukia akageuka. "Nyamaza wewe! Wangapi wana masikio mawili na wakajaza maneno yao kinywani mwangu?" Akaja mpaka kwangu, jasho linamtiririka. Akaweka mdomo kwenye sikio langu la kulia. Hakuimba. Alisema tu, kama mtu anayemwambia mtoto mahali ilipo sukari.

*Na sisi tu wana wenu.*

Si tusi. Walikuja kutuambia sisi ni jamaa. Nami nilikuwa nusura niwarushie pilipili.

Nikaupeleka nyuma. Nikausikia ukienda, safu kwa safu, ukibadilika sauti, mwembamba, mnene, ukaingia mlangoni, ukapita ukumbini, mpaka uani. Mama mkubwa akameza ubeti wake. Kisha kutoka uani jibu la Nana likaanza kurudi, mdomo kwa mdomo:

Kama wana, nyumba yenu,
ingieni, haki yenu!

Pembe zikalipuka. Wakaingia. Mimi nilikuwa nalia na sikujali.

Ila nilipogeuka nikamwona mama. Amesimama palepale, watu wanampita kulia na kushoto. Ameshika shavu lake mwenyewe.

Jumapili, 24 Februari

Wageni wameondoka. Masufuria.

Zuhura ameniachia asumini zake. Mama mkubwa ameniita "mpokezi wetu" mbele ya jirani, kisha akanipigia kelele kwa sababu ya maji yaliyomwagika. Sawa.

Nana hakushangaa hata kidogo. Leo asubuhi nilipompelekea chai akanyoosha mkono akanigeuza bega, taratibu, mpaka sikio la kulia likamwelekea, ndipo akasema anataka sukari zaidi. Nikafikiria: Nana siku zote hukaa kuliani kwangu. Siku zote. Sikumuuliza tangu lini.

Mama hajasema neno tangu jana. Anapika, anafua, hanitazami. Katika mambo haya yote, hili ndilo nililoliogopa, na ndilo lililonipata.

Jumanne, 26 Februari

Nimemwambia mwalimu wa Kiingereza mwenyewe. Kwa Kiingereza. Akaokota mfuko wangu akaupeleka yeye mwenyewe ukutani. Kadzo akafuata na kitabu chake, analalamika kwamba amezoea dirisha.

Usiku wa jana tulipokaa kula, mama alikuja na sahani ya wali. Mahali pake ni kushotoni kwangu, miaka yote, karibu na mlango wa jiko. Alisimama kidogo. Kisha akazunguka mkeka wote akaja kukaa kuliani. Mdogo wangu akasema, "Mama, hapo ni pangu!" Mama akamwambia, "Leo nenda kule." Alinimegea samaki, akanitolea miiba kama nina miaka saba.

Sasa ni alasiri. Mashine za mtaa zimezimwa. Nasikia upepo wa kaskazi kwenye makuti, na mbali kidogo mtu anakuna nazi, na mimi ndani yangu najazia kila kilichopungua. Sijui ni kiasi gani cha dunia hii ni cha nje. Nikikaa kimya hivi naona yote ni neema.

Nyayo ukumbini. Zinatoka upande gani sijui, sijapata kujua. Lakini ni za mama, ndara yake ya kushoto huburuta. Zimefika karibu na mlango, zimesimama, zinakuja tena.

Hapa ndipo huliingiza daftari chini ya mto. Leo nimelisogeza tu kidogo, kushoto, likiwa wazi, ili kulia apate pa kukaa.